Jina Langu Limepandishwa Cheo

4 Februari

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama mpaka paka, ambaye tangu uondoke amehamia kitandani kwako na hataki kuambiwa. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mjomba naye bado anawaambia watu kwamba mpwa wake anafyatua matofali ya umeme ng'ambo. Wiki iliyopita alimsimamisha mtu mwenye pikipiki ya umeme akamtaka afungue betri, eti aone kama ina alama za vidole vyako.

Mimi nipo karakana ileile, kwa fundi yuleyule. Nafungua vifuniko vya betri za magari makuukuu, naongeza maji, nachaji, nafunga. Gauni la kahawia uliloniachia limetobolewa na asidi mpaka linafanana na chujio la chai. Wateja wanapungua. Vijana wa pikipiki hawaji tena, siku hizi wanakwenda kwenye kibanda cha kubadilisha betri pale kona. Wanaingiza iliyokwisha, wanatoa iliyojaa, wanaondoka, hata salamu hawana.

Sasa nikuambie kinachonikera. Kila nikikuandikia inabidi niandike jina langu mwenyewe juu ya bahasha. Karani wa posta juzi aliniuliza, "Dada, huyu unayemwandikia mnaitwa sawasawa?" Nikamwambia ni wajina wangu.

Najua ndivyo tulivyopanga. Tangazo la kazi lilisema wenye viganja vinavyotoka jasho wasijisumbue kuja, kwa sababu chumba cha kutengenezea betri hakitaki hata tone la maji. Cheti cha chuo ninacho mimi, lakini viganja vyangu unavijua, nikishika karatasi inalowa. Wewe cheti huna, ila mikono yako ni mikavu kama unga. Mama akasema tumefanana kama shilingi kwa ya pili, nani atajua. Ukaondoka na cheti changu cha chuo, cheti changu cha kuzaliwa, na jina langu. Miaka mitatu, tukasema, halafu unarudi na kunirudishia.

Lile gazeti la kampuni ulilotuma limefika. Umevaa nguo nyeupe mpaka kichwani, yanaonekana macho tu, na chini ya picha kuna jina langu lote, hata la babu, kwamba ndiye mfanyakazi bora wa mwezi. Mama amelibandika ukutani. Mimi nililitazama, nikafurahi, halafu nikatoka uani kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Nasema kweli, niliona wivu, na sikujua namwonea nani, wewe au mimi mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kile kiwanda cha nguo kilichofungwa tukiwa wadogo kinafufuliwa, na safari hii kitakuwa cha betri. Seli, vile vipande vya ndani vinavyounda betri, zitaletwa kwenye makontena, hapa zitapangwa kwenye makasha, zitafungwa nyaya na kupimwa. Kazi hiyo haitaki chumba kikavu, viganja vyangu havitamdhuru mtu. Wataanza kuajiri mwezi wa tisa. Kwa hiyo Agosti, mkataba wako ukiisha, nalitaka jina langu. Nijibu hilo kabla ya mengine.

Dada yako,
mwenye jina lililoko juu ya bahasha


2 Machi

Dada,

Shikamoo. Ya mama mfikishie kabla hujamaliza kusoma. Paka mwache alale, kitanda kisipolaliwa kinaingia baridi.

Barua yako imefika imechanika pembeni, sijui ni panya au ni watu. Ndiyo maana nakuomba uwe unaandika kwa tahadhari. Kwa simu ndiyo kabisa siwezi, chumba tunalala wanne na mmoja ni wa kwetu, anaijua lugha mpaka mafumbo yake. Ni mama mmoja mnene, tuliajiriwa naye siku moja, ana maneno kuliko soko.

Huku wanajenga ukumbi wa tatu. Nilipofika ulikuwepo mmoja. Kila wiki wanakuja wageni wenye kofia ngumu, kila kundi na nchi yake. Wanaangalia, wanapiga picha, wanakwenda kujenga cha kwao. Msimamizi wetu anasema dunia imeshikwa na njaa ya betri, na kila mtu anataka kula wa kwanza. Mashine zinapatikana. Watu wa kuzisimamia ndio hawatoshi.

Chumba kikavu sijawahi kukusimulia vizuri. Hupaki mafuta, hupaki poda, manukato ndiyo usiseme. Ukilowesha nywele asubuhi unarudishwa bwenini. Hata idadi ya watu wanaoingia ina kikomo, maana pumzi ya mtu ina maji. Ukikaa humo muda mrefu midomo inapasuka, kwa hiyo vichekesho tunaviweka mpaka tutoke. Kazi yangu ni kukagua mashine inavyopanga karatasi za shaba na za alumini, moja juu ya nyingine, na kitambaa chembamba katikati. Ncha ikipinda naisahihisha kwa mkono. Huyo mama mnene anasimama kulia kwangu. Viganja vyake vinatoa maji kama vyako kabisa. Wamempa glavu mbili, ya pamba ndani na ya mpira juu, na anatushinda wote kwa kasi.

Sasa nisaidie. Kuna mtihani wa kumchagua kiongozi wa mstari. Swali wanalolipenda ni kwa nini seli mpya inachajiwa polepole mara ya kwanza, wakati maagizo yamejaa na kila mtu anakimbizwa. Wewe ulisoma. Niandikie kwa maneno ya kawaida, nisije nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Mdogo wako anayekukumbuka


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anasema umekonda, ingawa kwenye picha yanaonekana macho tu. Kasema macho yamekonda. Mjomba ameanza kujenga banda la kuku na hataki kusaidiwa.

Jibu lako hili hapa. Seli ikichajiwa mara ya kwanza, inajijengea utando mwembamba ndani, juu ya upande wa hasi. Utando huo ndio utakaoilinda maisha yake yote. Ukiharakisha unajengeka ovyo, unakuwa na mapengo, na seli inaanza kujila yenyewe taratibu. Ni kama maziwa jikoni. Kwa moto mdogo utapata utando mzima, kwa moto mkali utafuta jiko. Waambie hivyo, ila maziwa uyaache, watakucheka.

Nimeyaandika hayo nimekaa juu ya ndoo ya maji ya betri, karatasi imelowa, ona wino ulivyotawanyika. Chuoni nilikesha na mambo hayo. Leo nayaandika ili mtu mwingine akayaseme, na atakaposifiwa litatajwa jina langu nami nisiwepo. Sisemi usiyatumie. Nasema ujue yanavyoniuma.

Nina maswali mawili. La kwanza ni Agosti. Umenipa habari za midomo yako na za nywele za watu, Agosti umeiruka kama dimbwi. La pili ni huyo mama mnene. Umesema mliajiriwa siku moja. Hizo glavu mbili alipewa lini, alipokuwa ameshaingia kazini, au tangu siku ile ya kupimwa viganja huku nyumbani?

Nauliza tu.

Dada


21 Aprili

Shikamoo dada, na nimeshinda!

Niliwaambia utando, halafu ulimi ukaniponyoka nikawaambia na maziwa. Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani. Sasa ndiye mimi kiongozi wa mstari wa pili, na beji yangu imepigwa mstari wa bluu. Juu yake kuna jina lako, najua, usiseme.

Unadhani wivu unao wewe tu. Tangu nifike huku hakuna mtu aliyeniita kwa jina langu. Mwanzoni nilikuwa nachelewa kuitikia lako, wakadhani nina masikio mabovu, wakanipeleka kwa daktari akanichungulia na tochi. Wewe unaamka, mama anakuita, unaitika, basi. Unamfukuza paka kitandani kwangu na huoni kwamba hiyo ni bahati. Nakuonea wivu mpaka kwa huyo paka.

Halafu kuna habari kubwa. Hicho kiwanda cha huko ni chetu! Kampuni yetu inakijenga pamoja na wenyeji, na watatuma watu watano kwenda kufundisha. Nimo. Kwa hiyo Agosti mkataba utaongezwa, na Oktoba nitakuja nikiwa mwalimu. Nitalala nyumbani, tutakula sahani moja. Si vizuri? La jina tutalizungumza nikifika, tukiwa tumetulia.

Mama mnene anakuja likizo, amening'ang'ania nimpe mzigo wa nyumbani. Shali ni ya mama. Wewe nimekuletea kalamu ambayo wino wake hautawanyiki. Huyo mama anapenda kuzungumza, msimsikilize sana.

Mdogo wako


13 Mei

Shikamoo dada.

Ndiyo, soma tena. Si ndivyo itakavyokuwa? Kwenye karatasi zao mkubwa ni wewe, umevaa hadi mwaka wangu wa kuzaliwa. Oktoba utasimama mbele ya watu na jina langu kifuani. Mimi nikitaka kazi hapo nitaiomba kwa jina gani? Nitabaki na lako, na cheti chako cha shule ambacho hisabati uliizika ikiwa bado hai. Nitapewa ufagio, na kila asubuhi nitakuamkia mlangoni.

Mama hajambo. Mjomba amemaliza banda, akagundua hakuweka mlango, akasema ni la kisasa.

Mgeni wako alikuja Jumamosi. Nilikuwa uani nafua nikasikia hodi. "Hapa ndipo kwao?" akauliza, akataja jina langu. Nilifungua mdomo kusema ndiye mimi, nikaufunga. Nikasema, "Ndiyo, ni dada yangu."

"Ooh! Basi wewe ndiye mdogo wake!" Akanikumbatia na povu langu. Akaniita jina lako, na mimi nikaitika. Umeona uliponifikisha? Nimeitika jina lako kwenye mlango wa nyumba yetu, na mama amesimama pale anaangalia miguu yake.

Tulimpa chai. Alipoweka kikombe niliona kimelowa pale alipokishika. Nikamuuliza, "Mama, na mikono hii wanaivumilia huko?"

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mwanangu, we acha tu. Siku ya mtihani tulikuwa saba wa namna hii. Unaweka viganja kwenye kioo, kioo kinaingia ukungu. Nikasema leo narudi na aibu yangu. Wakatuletea glavu mbilimbili, wakasema haya, jaribuni tena. Tukapita wote saba! Dada yako si alikuwa nyuma yangu kwenye foleni? Alinishika bega akanipa hongera."

Ulikuwa nyuma yake. Ulimshika bega.

Majina yaliandikwa siku iliyofuata. Jioni ile ulirudi nyumbani na kunikuta nakupigia pasi nguo za safari. Ulikula, ukasifu chumvi, ukalala. Neno moja tu lingetosha, asubuhi ningekwenda mwenyewe. Jina langu, cheti changu, viganja vyangu ndani ya glavu mbili.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii uliyoazima kwangu umeanza kuipunguza kiuno ikukae. Acha kazi. Sema una mgonjwa, omba barua ya sifa, uje na jina langu likiwa safi, niombe kazi mwezi wa tisa. Na unijibu, ulijua au hukujua?

Kalamu ni nzuri. Sijaitumia.

Dada yako, au sijui niseme mdogo wako


7 Juni

Dada,

Shikamoo. Ile yako nairudisha, imepotea njia. Mwambie mjomba banda lisilo na mlango halina mwizi.

Mama mnene anasema mengi. Kama kila anachosema kingekuwa kweli, huku angekuwa ameshaolewa mara tatu.

Wewe unahesabu vilivyo vyako, jina na cheti na utando na maziwa. Haya, na mimi nihesabu vyangu. Midomo iliyopasuka ni yangu. Mikono inayoisikia karatasi ikipinda kabla mashine haijaona ni yangu, hakuna chuo kilichonifundisha. Baridi za alfajiri kwenye foleni ya kubadilisha nguo nimezila mimi. Siku uliyopata lile gazeti ulifua nguo, mimi siku ile nilikuwa kazini kutwa nzima, na aliyepigwa picha ni mimi. Utando ungeukuta kwenye kitabu chochote.

Na nikuambie jingine, kwa kuwa umetaka niseme. Shule nzima mimi nilikuwa "mdogo wake fulani". Mwalimu akirudisha karatasi yangu anatikisa kichwa na kukutaja wewe. Nilikuonea kijicho kabla sijajua kuliandika neno hilo. Hukuwahi kuona, kwa sababu aliye mbele hageuki.

Umeniuliza nilijua au sikujua. Mimi nakuuliza, wewe ulikuwa wapi? Tangazo tulilisoma wote. Wale saba nao walilisoma, wakaenda hivyohivyo na maji yao mikononi. Wewe ulikaa nyumbani ukapiga pasi. Asiyekuwepo na lake halipo, dada.

Jina nitakurudishia. Sikusema lini.

Mdogo wako


28 Juni

Mdogo wangu,

Mama hajambo, goti limetulia. Mjomba ameupata mlango, ila ameutoboa upande wa jirani, sasa kuku wanataga kwa watu.

Barua yako nimeisoma. Jana nilivaa viatu vya harusi za watu nikaenda kwenye ofisi yao ya ajira, ile waliyofungua juu ya benki. Nikawaambia mimi ni nani na wewe ni nani. Nikawapa kitambulisho changu. Mwanamume aliyenipokea aliniuliza mara mbili kama nina hakika na ninachosema, nikamwambia ninayo. Mikono ilitoka maji mpaka meza yake ikalowa, akanipa karatasi nijifute.

Usidhani nilikwenda kwa hasira, hasira ilikuwa imeshapita. Asubuhi nilipita mbele ya ile picha ukutani nikaona jina langu linamtazama mama, na mama analitazama kwa upendo, na mimi nimesimama katikati yao na ndoo mkononi. Nilishindwa. Ni wivu, na sina jina la heshima la kuupa.

Mama hajui.

Dada


9 Agosti

Mdogo wangu,

Umekaa kimya. Kila nikirudi kutoka posta mama ananitazama mikononi kabla ya usoni. Namwambia barua za huko zinachelewa, msimu wa mizigo. Juzi alisema, "Basi andika wewe umuulize kama anakula." Nimeandika. Unakula?

Waliniita tena ile ofisi. Nilifua, nikapiga pasi, nikadhani naitwa kazini. Yule mwanamume alinishukuru kwa kusema kweli, na alikuwa anamaanisha. Kisha akanisomea utaratibu wao. Anayetumia cheti cha mtu na anayempa mtu cheti chake, kwao ni kosa moja. Jina langu limefungwa, kwenye kiwanda hiki na kwenye vyao vyote popote vilipo na vitakapojengwa, na unajua mwenyewe vinavyojengwa. Nikamwambia, "Lakini mimi bado sijaomba kazi." Akasema, "Ndiyo dada. Ila jibu ni hapana."

Nilikwenda karakana moja kwa moja na viatu vile vya harusi. Fundi akaniuliza nina nini usoni, nikamwambia ni mvuke wa asidi. Alinipa maziwa ninywe, masikini, nikanywa.

Nilifikiri nakuchomoa wewe peke yako. Niandikie hata matusi.

Dada


2 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mwambie mama nipo na ninakula. Pole kwa kimya, nilikuwa sina la kuandika ambalo lisingebadilika kesho yake.

Waliita jina lako kwenye kipaza sauti, nikasimama kama siku zote. Ofisini walikuwa watatu. Wakaniwekea mezani nakala ya kitambulisho chako na kuniuliza, "Huyu ni wewe?" Nikaitazama picha, ile uliyopiga umenuna kwa sababu ya kola. Nikasema hapana, huyu ni dada yangu. "Na wewe ni nani?" Nikalisema jina langu. Lilitoka nusu, ikabidi nilirudie.

Walinisimamisha kazi. Nilikaa bwenini nikingoja tiketi ya kurudishwa, na mama mnene akawa analala amenigeuzia mgongo, anaona nilimdanganya hata yeye. Tiketi ikawa haiji. Ukumbi wa tatu ulikuwa umefunguliwa na nusu ya mashine zimesimama kwa kukosa watu. Mstari wa pili wakauweka chini ya watu wapya, ukaanza kutoa seli mbovu, kasha baada ya kasha. Msimamizi alikwenda mwenyewe ofisini. Mama mnene alikuwa amekaa nje ya mlango akingoja kuitwa kutoa maelezo, ndiye aliyeniletea maneno yake: "Jina lifuteni. Mikono niachieni."

Wakanipa mtihani upya, wa mikono na wa mdomo. Kwenye ule wa mdomo waliniuliza utando. Nimeandika maelezo mpaka vidole vikafa ganzi, nimelipa faini, nimepewa hati mpya ya safari. Nimeanza tena kutoka chini, beji haina mstari wowote. Lakini kwenye wale watano wa kuja huko wamenibakiza, kwa sababu wengine lugha hawaijui.

Siku ya kwanza waliponiita kwa jina langu mstarini sikuitika. Waliita mara tatu. Mama mnene akanipiga kiwiko, "We, si ndiye wewe huyo?" Nikalia mlemle ndani. Machozi humo ni kosa kubwa kuliko manukato, wakanitoa nje mbiombio kama moto.

Asante, dada. Sikufanyii kejeli. Mimi nisingelivua jina lako, ningelizeekea. Lile la siku ya kupimwa viganja, kama nilijua au sikujua, sijalijibu na kwenye karatasi sitalijibu.

Kuajiri kumesogezwa mpaka Oktoba, mashine zimechelewa, na sisi watano ndio tutakaokaa mezani kuwapokea waombaji. Nikifika nitasema nao juu yako. Nitawaambia utando ule ulikuwa wa nani. Pengine watakupa hata kazi ya usafi kwa kuanzia, kwa kupitia kwangu.

Mdogo wako, na nimeliandika jina langu nyuma ya bahasha, litazame


23 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimelitazama. Mwandiko wako haujabadilika, herufi zinaegemeana kama walevi.

Nilimsomea mama barua zote, zako na nakala za zangu, tangu ya kwanza. Alikwenda ukutani akalitoa lile gazeti, akalikunja, akasimama nalo muda mrefu hajui aliweke wapi. Usiku wa jana alitandika kitanda chako. Mjomba anawaambia watu kwamba ana wapwa wawili na wote wamo kwenye betri, sina nguvu ya kumkosoa.

Sasa unisikilize. Usiniombee kazi, wala usiwaambie habari za utando. Nikipita mlango ule kwa kushikwa mkono na wewe, nitakuchukia kila siku ya kazi, na kazi hizo zina siku nyingi. Na usinishukuru tena. Nilitaka uanguke. Nilivaa viatu ili uanguke. Umeanguka ukaangukia jina lako mwenyewe, na hao watu wakakuokota, na mimi niliyesema kweli ndiye niliyefungiwa nje. Ulikuwa na jina langu ukasifiwa, sasa una lako na unasifiwa vilevile. Usidhani wivu umekwisha. Umekua.

Lakini ulisema neno moja ambalo limekataa kunitoka, kwamba sikuwepo. Ni kweli. Tangazo lilinikataa nikakubali nikiwa jikoni. Ile ofisi ikanikataa kwa kosa la karatasi. Maisha yangu yote sijawahi kusimama mbele ya mtu na viganja vyangu nikamwambia, haya, niangalie.

Siku mtakayofungua geti nitakuja. Jibu ninalijua, ila safari hii nataka nikataliwe nikiwepo. Sitapita pembeni, nitapanga foleni na wote. Nikifika kwenye meza yenu usinitupie jicho la huruma, wala usimnong'oneze mtu. Niite kwa jina langu, lote, mpaka la babu, kwa sauti watu wa nyuma wasikie. Halafu sema hapana.

Dada yako